Na mbuyu, namba ngapi?

Mwaka 2022, mvua zikiwa katikati, nilipata kibarua kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi. Ukiieleza kazi ile inaonekana nyepesi. Unapewa eneo, unatembea nyumba kwa nyumba na simu mkononi, unasimama mlangoni mpaka programu ishike mahali ulipo, unaandika jina la mwenye nyumba na matumizi ya jengo, nyumba inapata namba. Barabara nayo inapata jina. Nilikuwa na miaka mitano tangu nimalize chuo, nakaa juani Nkuhungu chini ya mwavuli nikituma na kutoa pesa za watu, kwa hiyo niliposikia kuna posho nikasema Mungu si Athumani.

Nilipangiwa mashariki ya jiji la Dodoma, upande wa kwenda Mtumba, ulipo Mji wa Serikali. Jina la mtaa nalihifadhi, watu wake ni wachache na watajijua. Siku ya pili, yapata saa nne asubuhi, nilifika kwa mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Kwake palikuwa na nyumba ya tofali iliyoezekwa bati, tembe la zamani ambalo sasa wanalala mbuzi, zizi la miiba, na mbuyu mnene ambao watu sita wakishikana mikono hawauzunguki. Nikafanya yangu. Nyumba ikapata namba. Mzee alinitazama kimya mpaka niliporudisha simu mfukoni, ndipo akauliza:

"Na mbuyu, namba ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mbuyu si jengo, babu."

"Nyumba hapa nimejenga mara tatu," akasema, akipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Mbuyu haujajengwa hata mara moja."

Nilimwambia nitauliza kwa msimamizi. Sikuuliza. Ungeuliza nini, kwamba mti unataka anwani?

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani. Mwaka 2014 nilipopata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, mama alinifungashia nazi, dagaa na kipande cha papa mkavu, kama vile napelekwa jangwani. Shangazi akatia neno lake: "Kule watu wanakula mlenda na vumbi." Nyumbani, habari za Dodoma zilikuwa tatu tu: ukame, njaa na ombaomba. Basi letu lilipita Segera, Chalinze, Morogoro, tukapanda Gairo, na baada ya hapo nchi ikafunguka ikawa bapa. Pale Kibaigwa niliona magunia ya mahindi yamepangwa kama kuta pande zote za barabara. Soko kubwa la nafaka, linalovuta malori kutoka kila kona. Mnajua nilijiambia nini? Kwamba yale mahindi lazima yametoka kwingine. Macho yaliona magunia, kichwa kilikuwa kimeshaambiwa njaa, na kichwa ndicho kilichoshinda.

Miaka mitatu ya chuo haikunibadilisha. Kule kilimani Chimwaga mwanafunzi anaishi chuoni, haishi Dodoma. Mjini tulikuwa tunashuka kununua nguo Sabasaba au kupanda gari Jamatini, halafu tunarudi. Jirani na chuo kuna kata inaitwa Ng'ong'ona, jina ambalo kila kibao kinaliandika kivyake, na sisi watoto wa pwani tulilifanya kichekesho badala ya kujifunza kulitamka. Tuliongea kama wapita njia. Wapo waliokaa miaka mitatu bila kujua mwenyeji anasalimiwa "mbukwenyi".

Nirudi mtaani kwangu. Ulikuwa mtaa wenye pande mbili. Chini, kuelekea korongo, wanakaa wenyeji, Wagogo waliolima uwele, mtama na karanga kabla ya mji kuwafuata. Juu ni viwanja vilivyopimwa, vyenye bikoni za zege na nyumba mpya za watumishi na wafanyabiashara waliokuja baada ya Julai 2016, pale serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia kweli. Uamuzi wa makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini watu walikuwa wameshauzoea kama ahadi ya fundi cherehani. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya Agosti 2022, miezi michache baada ya kibarua changu, iliwakuta 765,179. Mtu aliyekuwa na jirani mmoja sasa ana kumi, na hajui jina la hata wawili.

Watu wa juu waliliita eneo lao "saiti". Wengine walisema "Bloku D", kama ilivyo kwenye ramani. Niliwahi kudhani majina ya hivyo hayana roho, mpaka nikakumbuka kwamba mjini Dodoma watu wanasema "Area C" na "Area D" kwa mapenzi kabisa, herufi za wapima ramani zimegeuka kuwa kwao. Nami mwenyewe natoka Ngamiani, ambako barabara zina namba tangu zamani. Mtoto wa Barabara ya Saba akisikia "Barabara ya Saba" hasikii hesabu, anasikia harufu ya vitumbua na sauti ya jirani fulani anayegomba. Na hilo Ngamiani lenyewe, ngamia wako wapi? Kwa hiyo sikuwa na ugomvi na namba. Ugomvi wangu ulikuja kutoka upande mwingine.

Februari ile palikuwa na wiki mbili kavu, jambo la kawaida Dodoma: mvua inaanza Desemba, inakata kidogo, watu wanaangalia mbingu na mazao yao yanakunja majani, halafu inarudi. Kwenye hizo wiki mbili nilikuta njia pana, nyeupe, ya mchanga laini, inapita nyuma ya nyumba za wenyeji. Pana kuliko barabara zote za mtaa. Pikipiki zinapita, watoto wanatoka shule kwa kupitia hapo, akina mama wanarudi na kuni kichwani, mikokoteni ya punda imeacha alama za magurudumu. Msimamizi wangu alikuwa ananipigia simu kila saa akiuliza nimefikisha nyumba ngapi. Nikaichora ile njia kuwa barabara. Nikaiwekea hata jina, kwa muda, nikapanga nyumba kumi na saba kwa kuifuata, hii huku, hii kule. Nilijisikia mtaalamu.

Usiku wa Jumatano mvua ilipiga. Asubuhi nikakuta "barabara" yangu imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi, yamebeba matawi na ndala moja ya mtoto. Watu wamesimama kingo zote mbili wanaangaliana. Mzee wa mbuyu naye alikuwepo, koti la mvua begani, hana haraka.

"Binti," aliniambia, "umeandika mto kuwa barabara."

"Lakini watu wanapita humu, babu. Nimewaona."

"Wanapita. Miezi minane wanapita wao, minne anapita yeye."

Nilishika sana lile neno, "yeye". Korongo kwake halikuwa kitu kilicholala pale. Lilikuwa mtu mwenye zamu yake. Baadaye, mwezi wa Septemba, nilipokwenda kumsalimia nikaona zamu ya tatu ambayo hata sikuiwaza. Wanawake walikuwa wamechimba visima kwenye mchanga wa korongo lile lile, mabega yamezama, wanachota kwa kata maji yanayotoka polepole, wanasubiri, wanachota tena. Ndoo moja ilichukua kama robo saa. Maji yalikuwa safi kuliko ya bomba langu Nkuhungu. Kwa hiyo barabara, mto, kisima. Programu ilikuwa na nafasi moja ya kujaza.

Nilifuta zile nyumba kumi na saba nikarudia, na posho ya siku mbili ikapotea hivyo hivyo. Katika kunifariji mzee alinisimulia habari ya Wazungu wa karanga, kule Kongwa, si mbali sana na hapo. Mwaka 1947 Waingereza waliingia na matrekta na vifaru vya vita vilivyogeuzwa vya kulimia, wakitaka karanga za kutengenezea mafuta, maana kwao mafuta yaliadimika baada ya vita. Waliona nchi tupu. Hawakuuliza kwa nini ni tupu. Mibuyu ikavunja mashine, mvua ikagoma, na udongo ule wenye mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga hazing'oki. Kufika 1951 mradi umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda. "Nawe umepoteza siku mbili tu," mzee akasema. Alikuwa anatania. Wagogo ni wagumu kuwaelewa wanapotania, uso haubadiliki.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya pili ambayo imenikaa zaidi. Nilikuwa nimejisahau nikataja ombaomba, kwa ule utani wetu wa pwani. Hakukasirika. Aliniuliza kama nimewahi kusikia Mtunya. Sikuwahi. Mtunya ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopita Ugogoni, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka iliyokuwa ghalani, yakachukua na vijana wenye nguvu kwenda kubeba mizigo. Halafu mvua ikakata. Watu walikufa kwa maelfu na wengine wakatawanyika kutafuta chakula mbali. Bibi yake alikuwa mmoja wa waliotawanyika akarudi.

"Mnasema njaa ni ya Dodoma," alisema. "Ile ililetwa na mguu."

Na kabla ya hapo? Nilikwenda kusoma kidogo baada ya mazungumzo yale, maana aibu nayo ni mwalimu. Karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliiogopa Ugogo kwa sababu watemi wake walitoza hongo kali, yaani ushuru wa kupita: hupiti, hunywi maji ya kisima, mpaka utoe nguo na shanga. Nchi ambayo babu zetu wa pwani waliilalamikia kwa kutoza, wajukuu tukaja kuicheka kwa kuomba. Ardhi ni ile ile na jua ni lile lile.

Sasa mkutano wa kuchagua majina. Ulifanyika nje ya ofisi ya mtaa, chini ya mwarobaini, na ulichelewa saa mbili kama ada. Watu wa viwanja walikuja na orodha iliyochapwa: Upendo, Amani, Mshikamano, Uhuru. Majina mazuri, hayana kosa lolote, yangefaa Mbeya, yangefaa Mtwara. Wenyeji hawakuwa na orodha. Mama mmoja akasimama akasema barabara ya kwanza inajulikana, ni Kwa Fundi Baiskeli.

"Huyo fundi yuko wapi?" akauliza bwana mmoja wa viwanja, kwa heshima tu.

"Alikufa."

"Zamani?"

"Zamani."

"Sasa mama, kwa nani?"

"Kwa Fundi Baiskeli," mama akarudia, safari hii polepole, kama anayeongea na mgeni asiyesikia vizuri.

Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa upande wa mama. Dar es Salaam makondakta wanaita "Kwa Remmy" kila siku pale Sinza, na mwanamuziki Remmy Ongala alifariki mwaka 2010. Abiria wengi wanaoshuka pale hawajawahi kumsikia hata akiimba. Neno "kwa" la Kiswahili ni gumu kufa. Linampa marehemu nyumba ambayo hakuna mrithi anayeweza kuiuza.

Yule bwana wa viwanja, nisimwonee, alikuwa na hoja yake. Alisema yeye hakumjua fundi, watoto wake hawatamjua, na wao pia wanakaa hapa, je, jina lao litatoka wapi? Kimya kikapita. Ndipo mwenyekiti, kutuliza hali, akaanza kusimulia jinsi jina la Dodoma lenyewe lilivyopatikana: tembo alikwenda kunywa maji kijitoni akazama kwenye matope, watu wakapaza sauti kwa Kigogo, "idodomya", amezama. Watu wa viwanja wakaitikia kwa kichwa, hadithi hiyo wanaijua, inasimuliwa kwa wageni. Mzee wangu wa mbuyu akasema ipo nyingine. Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala wote, kisha wakachomeka mikia kwenye tope. Wenyewe walipokuja kudai wakaoneshwa mikia: ng'ombe wenu hao, idodomya, wamezama. Upande wa chini walicheka mpaka mama mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Nani asingependa kukaa katika mji ulioanza kwa ujanja? Upande wa juu walitabasamu kwa adabu. Ile ya tembo inapendeza kwenye hotuba. Ile ya mikia ina jamaa zake.

Kura zilipigwa na Upendo ikashinda, kwa sababu watu wa viwanja walikuwa wengi siku ile. Nikaandika.

Siku hiyo hiyo jioni mke wa mzee alinizuia nisiondoke na njaa. Tulikaa mkekani, ugali wa uwele na mlenda, ambao nilikuwa nimejifunza kuukata kwa tonge bila kujichafua mpaka kiwiko. Pembeni palikuwa na magunia mawili ya ubuyu, anamsubiri mchuuzi anayepeleka pwani. Mimi niliyekua nikimung'unya ubuyu mwekundu wa sukari na kutema kokwa barabarani kule Ngamiani, sikuwahi kujiuliza umetoka juu ya mti wa nani. Simu ikaita, mama. Nikamwambia nipo salama, kazi inakwenda, "huku kugumu kidogo mama, huku kuna vumbi, lakini huku watu wazuri."

Nilipokata, bibi aliendelea kutafuna, kisha akauliza, "Huku ni wapi?"

"Hapa, bibi."

"Ndiyo. Nimeona umekaa mkeka mmoja na mimi, unasema huku, huku. Nikadhani labda kuna mahali pengine."

Walimu wa sarufi walitufundisha ngeli ya mahali: pa- ni mahali dhahiri, panapooneka; ku- ni mahali kwa jumla, kusikodhihirika; mu- ni ndani. Niliijibia mtihani nikapata alama. Lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba unaweza kukaa mahali miaka minane kwa ku- bila kuhamia kwenye pa-. Usiku ule kwenye daladala niliwasikiliza abiria. "Huku Dodoma baridi ya Juni inaua." "Huku Ijumaa watu wote wanakimbilia Dar." Huku, huku. Na nyuma kabisa watoto wawili wa shule wanabishana kama tumefika mtaa wa Kisasa: "Hapa si Kisasa, hapa bado." Hapa.

Sijifanyi kwamba nilibadilika siku moja. Bado nachukia upepo wa Agosti na bado nikipika wali bila nazi naona nimejidhulumu. Ila Jumamosi naweza kwenda mnada wa Msalato nikala nyama ya mbuzi bila kujiona mtalii, na nikisalimiwa mbukwenyi naitikia kabla sijafikiri.

Vibao vya namba vilipokuja, mzee hakutaka kukipigilia chake ukutani. Alikipitisha waya akakifunga kwenye mbuyu, juu kidogo ya kimo cha mbuzi. Mwenyekiti alimwambia si utaratibu. Mzee akasema nyumba ikibomoka, karani ajaye atapata pa kuanzia. Mwaka jana mwanawe aliuza kipande cha chini, na mbuyu sasa uko pembezoni kabisa, karibu na barabara, kibao kimechakaa lakini hakijadondoka.

Mwezi uliopita nilikuwa na mgonjwa wa kumtembelea upande ule, mguu unaniuma, nikaita bajaji pale stendi. Dereva kijana, mgeni kwangu.

"Unaenda wapi dada?"

"Barabara ya Upendo," nikasema, tena kwa fahari kidogo, maana jina hilo niliingiza kwa mkono wangu.

Akafikiri. Akamuuliza mwenzake. Mwenzake akatingisha kichwa.

"Upendo siijui. Karibu na wapi?"

Nikaanza kumweleza: unapita korongo, kuna boma la mzee, kuna mti mkubwa una kibao...

"Aah," akasema, anawasha. "Mbuyu wa Namba. Si ungesema tangu mwanzo."